Kitambaa Cheupe cha Veturia Suciu

Kristo amefufuka! Ndugu na majirani mliofika leo, Ijumaa tarehe 10 Mei 2024, hapa makaburini Reghin, tunamsindikiza mwanamke aliyeshinda, na ambaye hakuchoka kuwakumbusha watu kwamba alishinda.

Veturia alizaliwa tarehe 17 Oktoba 1950 katika kijiji cha Ibănești, bonde la Gurghiu, mtoto wa tatu wa mlinzi wa msitu Teofil Moldovan na mkewe Saveta. Alisoma shule ya kijiji mpaka darasa la nane, kisha akashuka Reghin kujifunza ufundi wa mbao. Mwalimu mmoja alimwita mbishi mbele ya darasa zima. Veturia alirudi nyumbani akaitangaza habari hiyo kama sifa.

Mwaka 1968 aliajiriwa kiwanda cha fidla, chumba cha vanishi. Siku hizo kupuliza vanishi ilikuwa kazi ya wanaume. Wanawake waliosha bastola za kupulizia vanishi. Veturia aliosha kwa miaka sita huku roho ikimuuma, kwa sababu alitaka kupuliza. Kuosha kwenyewe hakukufanyia mzaha. Alitoa sindano ya ndani kwanza, akasugua mdomo wa bastola na kofia yake kwa brashi laini, na ole wake aliyechokoa vitundu kwa waya. Mwili wa bastola hakuuzamisha kwenye thina, kiyeyushi cha vanishi, hata siku moja, maana thina hufyonza mafuta ya washa, vile vipete vya ngozi vya kuzibia upepo, zikakauka na upepo ukavuja. Mwisho alifuta kila kipande kwa kitambaa cheupe, na kikitoka na doa alianza upya. Lakini kila alipomwomba fundi mkuu Gligor amjaribu, jibu lilikuwa lile lile: "Dada, wewe osha."

Ikafika Jumamosi Kuu ya mwaka 1974. Wanaume walikuwa mbio kuwahi vijijini kwao, ibada ya usiku na mwanakondoo wa Pasaka. Veturia alikuwa uani akisafisha bastola ya kwanza. Huko ndani mpulizaji kijana, Ilarie Suciu, akaona asisubiri. Akazitumbukiza zote zilizobaki kwenye ndoo ya thina, akafunga mlango, akaondoka akipiga mluzi. Veturia alikuta kufuli. Ile ya mkononi akaenda nayo nyumbani, kwenye kikapu, chini ya mayai mekundu ya Pasaka.

Jumatatu, bastola zilizolala ndooni zilitema mate badala ya kupuliza. Fidla zilikuwa zinaning'inia mbichi, na lori lilikuwa linazijia. Veturia akaingia na kikapu chake.

"Lete hiyo," Gligor akasema, mkono mbele.

"Haitoki mkononi mwangu."

"Veturia, usinichezee! Lori linakuja kesho!"

"Basi nipishe, unanikawiza."

Gligor alimpisha. Veturia alipuliza mpaka jioni, tabaka baada ya tabaka, laini bila tone hata moja, na aliyembebea fidla kwenda na kurudi, kichwa chini, alikuwa Ilarie. Kuanzia siku hiyo alikuwa mpulizaji, na kila mwanamume aliosha bastola yake mwenyewe. Alidumu kwenye kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 2007.

Ilarie alikuja kumposa kiangazi cha 1975. Badala ya maua alileta bastola yake, imeoshwa. Veturia aliifungua mbele ya wazazi, akaifuta kwa kitambaa cheupe, akawaonyesha doa.

"Kijana mzuri," mama Saveta akasema, "lakini mchafu."

"Nitaolewa naye hivyo hivyo, mama. Nitamsafisha mwenyewe."

Walifunga ndoa tarehe 21 Septemba mwaka huo, wakajaliwa binti mmoja, Rafila. Ilarie aliendelea kuosha, Veturia akaendelea kukagua, na kila mara doa likaonekana. "Mama Rafila, hilo doa unalo kwenye kitambaa tangu jana!" Ilarie alikuwa akilalamika. Naye alikuwa akimjibu, "Rudia, mzee, midomo haisafishi." Tulicheka nao miaka yote, na sasa tutaukosa ugomvi ule.

Mwaka 2016 alipatwa na ugonjwa wa kutetemeka. Mikono ile iliyotulia kuliko yote Reghin ikashindwa kushika kijiko, na hilo lilimuuma sana. Baridi iliyopita mapafu nayo yakalegea. Jumamosi Kuu iliyopita, Ilarie aliketi kando ya kitanda, akaifungua bastola yake ya zamani, akaiosha kipande kwa kipande, akampa. Veturia aliingiza kitambaa mdomoni mwa bastola kwa mkono wake unaotetemeka, akazungusha, akakitoa, akakitazama muda mrefu.

"Ilarie."

"Nirudie?"

"Hapana. Safi."

Mzee alitoka uani amekiinua kitambaa juu ya kichwa chake, akawapigia kelele majirani waje kukiona. Veturia alimsikia kutoka kitandani, akacheka.

Alifariki Jumatano tarehe 8 Mei 2024, wiki ya Pasaka, wakati milango ya altare iko wazi na, kama tunavyoamini, anayekwenda haulizwi chochote kwenye mlango wa mbinguni. Ameacha mume wake Ilarie, binti yake Rafila na mkwewe Dorin, wajukuu Anca na Horia, na dada yake Eudochia.

Kitambaa kilicho mkononi mwake ni kile kile. Mkipita kumuaga, kitazameni: hakina doa. Pumzika kwa amani, Veturia, kazi imekaguliwa.