Mwalimu Apolonia na Kibao cha Mzee Luhaga

Baada ya miaka ishirini na minne ya kufundisha watu wazima, Mwalimu Apolonia Ndalahwa anastaafu leo, tarehe 28 Juni 1996. Kasoli nzima inamfahamu. Waliomaliza darasa lake humpungia mkono barabarani. Waliotoroka wanapita njia ya nyuma mpaka leo.

Alianza enzi za kampeni ya kisomo, ndani ya ghala la pamba la ushirika. Soko huria lilipoingia na wanunuzi binafsi wakajaa na mizani zao, wengi tulidhani darasa limekwisha. Thubutu! Mama Apolonia alisogeza madawati kando ya magunia, akaendelea kufundisha.

Silaha yake ilikuwa Karoli Mkuu, mfalme wa Wafaranki huko Ulaya ya kale. Alimsimulia kana kwamba ni shemeji yake. Mfalme yule aliteka nchi, akafungua shule, akakusanya wasomi. Hata herufi ndogo tunazoandika leo zinatokana na mwandiko wa waandishi wa enzi zake. Lakini yeye mwenyewe kuandika kulimshinda. Sahihi yake waliichora makarani, yeye akamalizia kistari tu. Uzeeni aliweka vibao chini ya mto, ajizoeze akikosa usingizi, na akafa bado hajaweza.

Hadithi hiyo ilimwingia Mzee Luhaga, mkulima aliyechoka kupakwa wino kwenye dole gumba kila alipouza pamba. Alitaka kitu kimoja tu, kuandika jina lake mwenyewe kabla hajafa. Naye akalalia kibao. Tulimcheka, jamani! Alipofariki mwaka jana, kibao kilikutwa chini ya mto wake kimeandikwa LUHA.

Familia ilikirudisha, Mama akakiweka kwenye dawati la marehemu, akakifuta. Asubuhi iliyofuata herufi zilikuwepo tena, zimepinda vilevile. Tukasema ni utani wa vijana. Akakifuta, akafunga ghala, akaondoka na ufunguo. Kesho yake zipo. Mlinzi wa ghala aliacha kazi bila kuaga. Mimi nikataka kibao kichomwe moto. Mama akaniwakia kwamba mwanafunzi wake hafukuzwi kwa sababu anakawia kuelewa. Tangu hapo kila asubuhi huliamkia dawati tupu "mwangaluka", salamu yetu Wasukuma ya asubuhi, husahihisha kazi, na kuchora G ya mfano pembeni, maana hapo ndipo mzee anapokwama.

Kustaafu hakumwumizi. Kinachomwumiza, na alinieleza huku analia, ni kwamba anaondoka kabla Luhaga hajamaliza.

Maneno yanayofuata hayamo kwenye nakala zilizochapwa za risala hii. Nimeyaongeza kwa kalamu asubuhi hii, maana leo ni mimi niliyefungua ghala. Mama, amemaliza! LUHAGA, herufi zote, tena zimenyooka kuliko zangu. Nilipiga vigelegele peke yangu mle ndani. Kisha nikaona chini yake kuna herufi nyingine, moja tu, kwa mkono mwingine kabisa, mzito, wa mtu anayeanza. Ni K.

Asante kwa yote, mayu, mama yetu. Nenda ukapumzike nyumbani Mwamanyili, ulime mpunga wako, afya isikupungukie, wajukuu wakuzunguke. Ila Jumatatu pita kidogo, nakuomba. Darasa umeniachia mimi, na huyu mgeni sijui nimwamkie vipi, maana sijawahi kumwamkia mfalme.

Jenifer Masunga, kwa niaba ya walimu wenzake