Mwalimu Randu Tsuma na Kifuniko cha Jikoni

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu, si mama, si Lorna niliyekaa naye dawati moja. Nyumbani wanajua nimeomba kusomea uuguzi. Sivyo. Nimeomba kusomea hali ya hewa, na wa kulaumiwa ni mtu mmoja, ambaye Ijumaa hii, tarehe 29 Mei, anastaafu baada ya kufundisha Jiografia katika shule yetu hapa Garsen kwa miaka thelathini na miwili.

Kazi ya kumwandikia maneno ya kumuaga nimepewa na mwalimu mkuu, Madam Pauline, kwa kuwa tangu nimalize kidato cha nne namsaidia kuchapa karatasi ofisini, na kwa kuwa walimu wote waliombwa wakakataa. Wa Hisabati alisema, "Mimi nikimwandika Randu, yatakuwa mashtaka."

Mwalimu Randu alitoka kwao Tarasaa akiwa kijana, akaletwa kufundisha ramani, udongo na mvua. Ramani na udongo alivimaliza kwa haraka. Mvua hakuimaliza mpaka leo. Kila kidato kilipofika kwenye somo la mvuke, alikwenda jikoni akachukua kifuniko cha sufuria kubwa, akakiweka juu ya maji yanayochemka darasani, akangoja. Mvuke ulipanda, ukagusa bati la kifuniko lililo baridi, ukageuka matone. Matone madogo yaliungana, yakawa mazito, yakadondoka. "Basi hiyo ndiyo mvua," alisema, kila mara kwa furaha ya mtu aliyeigundua asubuhi hiyo.

Huko jikoni, wali ulibaki wazi. Mpishi wetu, Mzee Dukicha, alisimama mlangoni na mwiko mkononi: "Mwalimu, huo mvuke ni wa wali wangu!" Mwalimu alimshukuru kwa mfano mzuri, akamkaribisha aketi. Shule nzima ilijua siku ya somo la mvuke kwa kutafuna mchele mgumu.

Tulipomuuliza kuhusu mvua ya mawe, ambayo wengi wetu hatujaiona, alinunua barafu kwa wauza samaki, akapanda juu ya paa la ofisi na kuanza kuitupa kwenye mabati. Alitaka kutuonyesha kwamba matone yakipelekwa juu sana huganda na kurudi yakiwa magumu. Madam Pauline alitoka mbio akidhani tumevamiwa.

Lakini mimi nina lalamiko langu. Mwalimu Randu aligundua mapema kwamba siwezi kusema mbele ya watu. Mwalimu mwingine angeniacha. Yeye alinisimamisha kila somo. "Bishara, mvuke umefika wapi?" Kisha alingoja. Alikataa mikono ya wengine. Lorna alininong'oneza, "Sema umepoa, wewe, tukale." Nilijua umepoa. Nilijua pia kwamba hata ukipoa, tone halishiki hewani bila chembe ya vumbi au chumvi ya kushikilia. Maneno yote yalikuwa tayari kifuani, ila hayakutoka, naye akangoja mpaka kengele ikalia, akasema kwa upole, "Haya, tutaendelea kesho." Hakuna neno lililonichosha maishani kama hilo tutaendelea.

Mwaka wa mafuriko, nikiwa kidato cha tatu, alileta maudhi yake hadi kwetu. Baba yangu, Godhana, alikuwa amelaza ng'ombe kwenye nyasi za kando ya mto, upande wa Idsowe, kama wafugaji wafanyavyo kiangazi. Anga ilikuwa safi. Mwalimu alifika amebeba jiko, sufuria na kile kifuniko.

"Mzee Godhana, hamisha ng'ombe. Maji yanakuja."

"Mwalimu, wingu liko wapi?"

Mtu mwingine angesema amesikia redioni, akaenda zake. Yeye aliwasha jiko. Alieleza kwamba mvuke wa baharini hupita juu yetu bila salamu, kwa sababu hapa ni tambarare na hakuna cha kuusukuma juu upoe vya kutosha. Huenda hadi milimani, hulazimika kupanda, hupoa, huwa mawingu, hunyesha huko, kisha maji hutujia kwa mto. "Sisi tumekaa ndani ya sufuria," alisema, "kifuniko chetu kiko Mlima Kenya." Baba alikubali upesi ili amalize. Mwalimu hakuamini kwamba ameelewa, akaanza tena. Maji ya sufuria yalipokauka, aliomba mengine. Aliponigeukia na kuuliza, "Bishara, mvuke umefika wapi?" baba alitazama uso wangu, akatazama sufuria, akainua fimbo yake na kuwaita ng'ombe.

Mto ulikuja na kufunika nyasi zile zote. Ng'ombe wetu walikuwa wameshafika mahali palipoinuka. Baba hukataa mpaka leo kwamba alishawishiwa. "Mimi nilimkimbia mwalimu, sikukimbia maji," husema. Lakini kila kiangazi, kabla ya kushuka mtoni, huniuliza milimani kunanyeshaje. Huniuliza mimi. Nami humjibu, tena kwa sauti.

Kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wanafunzi: asante, Mwalimu. Mzee Dukicha anashukuru pia, kwa kuwa kifuniko sasa ni chake. Nenda Tarasaa ukalime, mvua ikufikie kwa kiasi na kwa wakati, na maisha yako ya kustaafu yawe mema.

Najua nimeandika siri yangu kwenye karatasi ya sherehe yake mwenyewe. Msishangae. Mwalimu Randu hajawahi kusoma karatasi ya sherehe, hujipepea nayo. Baba naye atajua kwa wakati wake kwamba alimkimbia mwalimu wa mvua mmoja kumbe anamlea mwingine. Ila ninyi mnaosoma, nawaomba, msimwambie Mwalimu. Akijua leo atanisimamisha mbele ya wageni wote, na atangoja. Akiuliza mnacheka nini, semeni ni joto. Siku moja nitakwenda Tarasaa, nisimame mbele yake bila kuitwa, nimwambie mvuke umefika wapi.