Antena ya Fundi Saa Haioni Mwenzake

Benchi letu ni mlango mbovu uliolazwa juu ya matofali mbele ya duka la kinyozi. Mimi ndiye muuza kahawa wa hapo, kwa hiyo nasikia yote na sichangii neno. Asubuhi ile Fundi Saa, ambaye kibanda chake kinapakana na kinyozi, alikuwa katika siku ya tatu tangu aweke vifaa vya kujiunga na mtandao wa mtaa, ule ambao majirani wanarushiana intaneti kutoka nyumba hadi nyumba. Alisimika mlingoti paani, akafunga antena ndogo kama sahani, akashusha waya hadi dirishani, akauchomeka kwenye kisanduku juu ya kabati. Kisanduku kikawaka taa nyekundu na kubaki hivyo. Mkewe alikuwa mbali, kwa binti yao aliyejifungua wiki iliyopita, na bando la simu halikufua dafu.

— Mjukuu nimemwona sikio na nusu ya shavu, alisema Fundi Saa. Kisha picha ikaganda.

— Sikio gani? aliuliza Kinyozi.

— La kushoto.

— Afadhali.

Breki, aliyeendesha malori miaka thelathini na sasa anaendesha mazungumzo, alishusha kikombe.

— Tatizo ni mlima. Mawimbi yanapanda na mzigo. Yakifika kwako yako hoi.

— Mlima gani? Hapa ni tambarare.

— Kwa macho yako. Gari linajua.

— Siyo mlima, ni bati, alisema Kinyozi. Bati lako lina migongo. Mawimbi yanateleza, yanaangukia kwa jirani. Jirani ndiye mwenye intaneti yako.

— Jirani yangu hana hata redio.

— Intaneti anayo. Hajaambiwa tu.

Breki akafikiri.

— Basi njiwa. Njiwa ana sumaku kichwani, ndiyo inayomwonyesha njia. Wale njiwa wa paani kwako wanatumia intaneti yako kurudi nyumbani.

— Wanaishi palepale paani, Breki.

— Unaona sasa? Wameshafika.

Fundi Saa alisikiliza yote kwa adabu. Kahawa yake hakuigusa.

Ndipo akaja mama mmoja mwenye mkoba wa bisibisi begani na vumbi la bati magotini. Ni fundi wa chama cha mtandao, mgeni hapo benchini.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Fundi, natoka paani kwako. Vifaa ni vizima, waya ni mzima. Lakini antena yako umeielekeza kwenye lile ghorofa jipya, inatazama ukuta. Antena mbili lazima zionane, katikati pasiwe na kitu. Na kwako inayoonekana ni moja tu, ile ya paa la kijani ng'ambo ya barabara. Mbona hukuielekeza kule?

Kinyozi alianza kufuta kiti ambacho hakikuwa na vumbi. Breki akachungulia ndani ya kikombe chake.

Nyumba ile ni ya mdogo wake Fundi Saa, wa tumbo moja. Miaka sita iliyopita baba yao alipofariki, basi la Fundi Saa liliharibika njiani. Alipofika makaburini alikuta watu wananawa mikono. Mdogo wake ndiye aliyesema wazike bila kumngoja. Tangu siku hiyo hawajasemeshana, na sote pale benchini tulijua kwa nini antena ilitazama ukuta. Siku tatu nzima tukasema mlima, bati na njiwa.

— Na ya kwake lazima igeuzwe vilevile, alisema yule mama taratibu. Mtu mmoja kila paa. Mimi nitatazama taa.

Fundi Saa akainuka, akavuka barabara, akabisha hodi. Mdogo mtu alitoka na fulana ya ndani.

— Shikamoo, kaka.

— Marahaba. Nimekuja kwa ajili ya antena.

— Ngazi ninayo.

Robo saa baadaye kila mmoja alikuwa juu ya paa lake, na yule mama amesimama dirishani kwa Fundi Saa, hatua chache kutoka benchini, akitazama kisanduku.

— Kushoto! alipaza sauti Fundi Saa.

— Kushoto kwako au kwangu?

— Kwako!

— Hivi?

— Umepitiliza! Wewe siku zote una haraka!

Mdogo mtu akaacha kugeuza.

— Kaka, siku ile mvua ilikuwa inaingia kaburini. Ningefanyaje?

Mtaa mzima ulisikia.

— Hukuniambia kuhusu mvua, alisema Fundi Saa.

— Hukuniuliza.

Fundi Saa alishika mlingoti kwa mikono miwili.

— Mjukuu amepewa jina la baba yetu, alisema hatimaye.

Kule ng'ambo mdogo mtu alikaa chini juu ya bati, akavuta fulana na kujifuta uso. Kisha akasimama tena.

— Basi nawe geuza kidogo kwako, tumwone.

Yule mama alinigeukia, akanionyesha kisanduku. Taa ilikuwa ya kijani tangu kitambo. Nilidhani atawaita washuke. Akaweka kidole mdomoni, akavuta pazia, akawaacha waendelee kugeuza.