Magurudumu ya Marehemu Lionel

Kwenye benchi la kahawa karibu na soko la Baraka, Jumatatu ile hapakuwa na habari nyingine. Jumamosi, gari la kizamani la marehemu Lionel, lile jekundu lenye magurudumu ya spoki kama ya baiskeli, lilimbeba binti yake Ketsia, bibi arusi, kutoka kanisani. Kabla halijafika nyumbani, gurudumu la nyuma lilikunjika, na Ketsia akamaliza safari kwa miguu, gauni jeupe likiburura tope, watu wakicheka mpaka wakashika mbavu. Haruna, mwenye mtumbwi, ambaye hapa kijiweni wanamwita Kapiteni, alikuwa amekikumbatia kikombe chake bila kunywa. Ndiye aliyekuwa akiitunzia familia gari hilo tangu rafiki yake Lionel afariki.

— Ile njo burozi, kazi ya bachawi, alisema Assani, muuza ndagaa, anayeitwa Radio kwa sababu hazimwi. Kuko mutu hakupenda ile ndoa.

— Burozi gani? Bertin akamkatiza. Bertin hutengeneza simu, kwa hiyo ni Ingénieur. Ni joto. Chuma inapanuka muchana, inajikunja busiku. Kule Ulaya banaweka gari mu frigo.

— Mu frigo! Gari nzima?

— Frigo yabo iko kubwa sawa kanisa.

— Basi mi nakwambia ingine. Lionel alikuwa anaenda mu migodi ya Misisi, hapana? Alificha dhahabu mule ndani ya roue, ndani ya gurudumu. Dhahabu iko nzito, we! Njo maana ilivunjika.

Walicheka. Haruna naye alicheka kidogo, halafu akakionea haya kicheko chake mwenyewe.

— Kapiteni, Radio akamgeukia, we ulituambia zile rayon za magurudumu zilikuwa zinalia tiki-tiki, ukazitia dawa, zikanyamaza. Dawa gani?

— Mafuta, alisema Haruna.

Uongo ulimtoka upesi kuliko alivyotaka. Mafuta hayakugusa spoki hata moja. Zilipolegea na kuanza kulia, alifanya kile anachofanya kila mwenye mtumbwi wa mbao, mbao zikikauka na kuachana: aliyafungua magurudumu yote manne, akayazamisha ziwani wiki nzima yashibe maji, yakaze. Na yalikaza kweli! Kumbe ni kutu iliyoshika kila kiungo. Akapaka rangi ya fedha juu yake, akajisifu mbele ya kijiwe kizima. Jumamosi, alipoinama barabarani, spoki zilimvunjikia vidoleni kama biskuti, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Tena asubuhi ile ile, kanisani, Godelieve, mjane wa Lionel, alikuwa amemshukuru mbele ya watu wote na kumvisha kitenge.

Honi ikalia. Gari lenyewe hilo, likasimama mbele ya benchi. Henri, mtoto wa Lionel, alikuwa kwenye usukani, Godelieve pembeni yake, wajukuu wamejazana nyuma.

— Shemeji Haruna! Tunaenda Mboko kwa bakwe ya Ketsia, bazazi ya bwana yake, kuomba musamaha ya ile haya ya juzi. Henri aliweka roue ya akiba. Zile ingine tatu ziko muzuri, hapana?

Wajukuu walimpungia Haruna mikono. Angeweza kuitikia kwa kichwa tu, nao wangeondoka.

— Zima gari, Henri, alisema. Muteremuke bote.

— Kuko nini?

— Nilizitia mu ziwa. Zote ine. Nilifikiri zitakaza sawa mutumbwi. Na sasa hivi hapa nilisema mafuta. Nilidanganya.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuumiza kuliko kuchekwa. Godelieve aliteremka, akainama, akakwangua rangi ya fedha kwa ukucha. Chini yake palikuwa na kutu nyekundu.

— Lionel alikuwa anazipangusa kila Jumapili na kitambaa kikavu, alisema polepole. Anapakaa mafuta rayon moja moja. Mi njo nilikuwa namushikia kopo. Na nyumba yangu iko pale, ng'ambo ya barabara. Shemeji, juu ya nini haukuniuliza?

Radio na Ingénieur, waliokuwa na majibu ya kila kitu, waliangalia chini. Godelieve akaanza kuwateremsha wajukuu, mmoja mmoja.