Kazi ya Mwongeli Imerudishwa Tena

Benchi letu liko Kawangware 56, kati ya karakana ya Boaz ya kuchomelea vyuma na kibanda cha Mwongeli cha kutengeneza simu na kompyuta. Ni ubao mmoja mrefu juu ya mawe ya kujengea, na upande wa kulia umebonyea kwa sababu Mzee Mwanzia hakai kwingine. Tunamwita Hakimu. Hajawahi kuingia kortini, lakini hakuna kesi ya mtaa huu ambayo hajaikatia hukumu. Boaz ni Cheche. Shiundu, mtu wa boda, ni Bila Breki, na jina hilo halihusu pikipiki yake. Jioni Rahab huleta birika la kahawa ya tangawizi, na birika likiisha kikao nacho kimeisha. Mwongeli ni binti wa dada yangu.

Jumatano hiyo alitoka kibandani, akakaa mwisho wa benchi bila kumsalimu mtu, akapokea kikombe. Rahab akamuuliza kuna nini.

— Wamenirudishia tena.

Kwa wasiojua, nieleze. Kompyuta huamriwa kwa lugha zilizobuniwa na watu, na iko moja ambayo haina mwenyewe. Yeyote anaweza kuichukua bure, akaifungua, akaona ilivyoundwa, na akitaka arekebishe palipo na kasoro. Wanaoitunza wametawanyika duniani, wengi hawajawahi kuonana, na hakuna anayewalipa. Mwongeli ni mmoja wao. Kasoro aliyoishika ni hii: mtu akisahau kufunga mabano, lugha humwambia amekosea, lakini humwonyesha mstari wa mwisho wa kazi yake badala ya pale mabano yalipofunguliwa. Mwongeli alijifunza lugha hiyo peke yake humo kibandani, na jambo hilo lilimtoa machozi. Hakutaka limtoe mwingine. Akaandika marekebisho, akayatuma. Lakini hayaingii mpaka mtunzaji mwingine ayasome na kuyakubali, na aliyeangukiwa na kazi hiyo ni bwana mmoja wa Ureno. Hapa kijiweni jina lake ni Mreno, basi. Ijumaa mlango wa kuingiza marekebisho katika toleo la mwaka huu ulikuwa unafungwa.

— Safari hii anasema nini? Cheche akauliza.

— Anasema kuna programu ya zamani itavunjika.

— Ngapi?

— Moja.

— Basi ivunjike. Mimi nikiweka geti mpya siulizi bawaba za babu yangu.

— Kuna mtu anaitumia, Boaz. Huwezi amka asubuhi umvunjie mtu kazi ndio yako ipendeze.

Hakimu akakohoa, dalili kwamba methali inakuja.

— Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kazi ikirudi, maana yake ilifika.

Hakuna aliyembishia, kwa kuwa hakuna aliyejua pa kuanzia. Bila Breki akachukua nafasi hiyo. Kwa maoni yake Mreno hakuwa na neno na programu ya zamani. Alikuwa anamchosha msichana ili akiacha, ayatume marekebisho kwa jina lake mwenyewe. Cheche akasema si mtu mmoja, ni kampuni, na Mreno ni jina la mlinzi wao wa getini. Hilo likamfungulia Bila Breki barabara.

— Kampuni gani. Hii ni mpango wa serikali kubwa. Wanakupea lugha ya bure, wewe na dunia yote. Mkishaizoea, wanaizima. Siku hiyo stima inapotea kutoka hapa mpaka Ulaya, na benki haikumbuki mtu.

— Haizimiki, Mwongeli akasema. Kila mtu ana yake nzima. Yangu iko hapo ndani, chini ya zile simu ziko kwa chaji. Wakizima kwao, mimi nawasha.

— Kwa hivyo makao makuu ni hapa 56?

— Ni hapa kama ni popote.

Hilo lilimpendeza Hakimu. Akasema sasa amelielewa jambo lote: ni mwethya tu, ile kazi ya pamoja ya Ukambani. Akamkumbusha Mwongeli kwamba babu yake kule Mwala alijengewa nyumba na mwethya, watu wakala, wakaimba, wakaenda zao. Hapo ilinibidi niseme. Haikuwa nyumba. Nyumba aliijenga fundi wa kutoka Masii. Mwethya ulichimba matuta ya shamba la juu, na kikundi hakikuwa cha baba, kilikuwa cha mama yangu, Syokau. Hakimu akasema tofauti ni ndogo. Kwangu si ndogo, lakini nilikunywa kahawa yangu.

Mwongeli hakucheka. Alikuwa ameshika simu, ukurasa wa kazi yake umefunguliwa.

— Anko, nimechoka. Nataka kuitoa. Ijumaa ikipita ni mwaka mwingine, na huo mwaka mwingine ni Mreno huyo huyo.

— Itoe, Bila Breki akasema. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe walikupa jembe kabla uingie kwa mlango.

Cheche naye akaona ni heri. Hakimu akaanza kutafuta methali ya kuunga mkono. Kidole cha Mwongeli kilikuwa juu ya kioo.

Pembeni alikuwa amesimama Annet, muuza mboga wa Silanga, huko Kibera. Alikuja Kawangware kumwona dada yake, simu ikamponyoka njiani, na sasa alikuwa akiingojea itengenezwe. Rahab alikuwa amempa kikombe. Hatukumjua.

— Na huyo Mreno, akauliza, yeye kazi yake inasomwa na nani?

Bila Breki alisema, «Yeye ni...» halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akafunga breki.

— Sijui, Mwongeli akasema.

— Yeye pia huandika?

— Huandika.

Akaanza kutafuta. Tuliona uso wake ukibadilika. Mreno alikuwa ametuma kazi yake mwenyewe tangu kabla ya mvua ya masika. Chini yake aliuliza kwa adabu kama kuna mwenye nafasi ya kuitupia jicho. Baadaye akauliza tena. Hakukuwa na jibu. Naye mlango wake ulikuwa ule ule wa Ijumaa.

— Hakuna mtu amesoma, Mwongeli akasema. Sisi wote tunamngoja asome zetu.

Kikundi cha mama yangu kilikuwa na sheria moja: asiyeshika jembe kwa mwenzake, shamba lake halifikiwi. Hilo ndilo ningelisema badala ya habari za fundi wa Masii. Lakini Mwongeli alikuwa ameshasimama. Alimaliza simu ya Annet kwanza, akamjaribishia kwa kumpigia dada yake, kisha akaketi mbele ya kompyuta kuisoma kazi ya Mreno.

Annet hakuondoka. Hakimu alihama pembe yake, akaenda kusimama nyuma ya Mwongeli, akatazama mistari ile kwa uzito wa mtu anayeielewa. Alipotoka Mwongeli, jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mabati, na Rahab alikuwa bado hajaondoka.

— Kazi safi, Mwongeli akasema. Huyo jamaa anajua.

— Na yako? nikamuuliza.

— Sijaitoa. Nitaangalia hiyo programu ya zamani kesho asubuhi. Nafikiri inaokoka.

Bila Breki alikuwa na swali lililomkaa kooni.

— Lakini huyo Mreno. Hukumpata na kosa? Hata moja?

Mwongeli akashika kikombe chake kwa mikono miwili.

— Moja.

— Ukafanyaje?

— Nimemrudishia.

Cheche akapiga paja. Hakimu akarudi kwenye pembe yake, akakaa kama mtu aliyeshinda rufaa. Rahab akainamisha birika juu ya kikombe cha Mwongeli, kikafika nusu, na hiyo nusu ndiyo ilikuwa ya mwisho.