Kumpa Mama Mkwe Mgongo

Jua la mchana lilikuwa limeegemea ukuta wa kinyozi, na benchi chini ya ukuta huo lilikuwa limejaa kama kawaida. Ni ubao mmoja tu juu ya matofali, lakini umesikiliza kesi nyingi kuliko mahakama. Wembe, kinyozi mwenye duka, alikaa pembeni kabisa, kikombe cha kahawa mkononi, burashi yake ikichungulia kutoka mfuko wa shati. Burashi hiyo ilikuwa na kazi mbili. Siku za kawaida ilifuta nywele shingoni mwa wateja. Siku za mechi, Wembe alipokuwa mwamuzi wa softiboli ya wanawake, ilifuta kibao cha nyumbani, kile cheupe kilicholazwa chini, ambacho mkimbiaji akishazunguka besi zote, vile vituo vya kukimbilia, lazima akiguse ndipo timu yake ipate pointi. Jana haikufuta. Kibao kikamezwa na vumbi, mkimbiaji akaja akiteleza kwa tumbo, Wembe akapaza sauti, "Nje!", yaani ametolewa, na giza likaukata mchezo palepale. Mkimbiaji mwenyewe alikuwa shemeji yake, mdogo wa mke wake. Leo saa kumi mchezo ungeendelea, na kabla haujaanza mwenyekiti wa mashindano alitaka neno la mwisho la mwamuzi kuhusu ile "Nje!". Nyumbani nako kulikuwa na neno. Mkewe alimwekea chai mezani na kusema, "Kamweleze mama kwa nini hukufagia. Usipomweleza, usinisemeshe." Sababu Wembe alikuwa nayo. Tatizo ni kwamba ilikuwa sababu isiyosemeka mbele ya mama mkwe.

Spana, fundi baiskeli, ndiye aliyeanza. Spana alikuwa mtu wa amani, mradi asiwepo mtu wa kubishana naye.

Spana: Mimi sina ugomvi na mtu. Nauliza tu. Kufagia kibao ni kazi ya nani?

Aliyemjibu ni Karani, mstaafu wa ofisi ya ardhi, ambaye asubuhi ileile alikuwa amenyolewa na Wembe na bado aking'aa kama yai.

Karani: Ya mwamuzi. Haina mjadala. Kikichafuka, anasimamisha mchezo, anainama, anafuta kwa mkono wake. Hatumi mtu.

Spana: Kwangu mimi anayemwaga oili ndiye anayefuta. Vumbi lililetwa na mkimbiaji. Kaja kwa tumbo kama kenge! Angekuja na ufagio wake.

Karani: Akimbie na ufagio?

Spana: Mbona mpigaji anashika gongo? Ufagio ni gongo lenye ndevu.

Mama Birika, mwenye kahawa, alicheka huku akimimina, na kahawa ikamwagikia kidole cha Spana. Spana alikinyonya bila kupoteza hoja.

Mama Birika: Mwacheni binti wa watu. Timu yake ni ya washona magunia, wamezoea vumbi la haki. Mimi nawashuku wale wauguzi, wapinzani wao. Mdakaji wao mlimwona? Amechuchumaa nyuma ya kibao, kisigino kinachimba, kinachimba. Watu wa kutuambia tunawe mikono kila saa, wamezika kibao mchana kweupe!

Karani: Unasema walikizika kwa makusudi?

Mama Birika: Walikizika, wakakihamisha. Yule binti alifika nyumbani vizuri kabisa. Nyumba ndiyo iliyokuwa imehama.

Karani: Basi hilo ni kosa la ardhi! Kibao ni kama jiwe la mpaka. Jiwe lisipoonekana, kiwanja hakina mwenyewe. Kiwanja kisipokuwa na mwenyewe, hakuna nyumbani. Pasipo nyumbani, hakuna aliyetoka wala aliyeingia. Kwa hiyo jana hapakuwa na mchezo.

Spana: Na mimi niliyekauka koo kwa kushangilia?

Karani: Ulishangilia shamba. Lakini usijali. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Spana: Hiyo ngamani ni besi ya ngapi?

Wembe alicheka puani, kisha akajuta, maana kicheko kiliwakumbusha kwamba yupo. Macho yote yalimgeukia. Aliinua kikombe kujikinga, akakuta kikombe ni kidogo kuliko uso.

Mama Birika: Na wewe, mwenye kazi. Hebu tuambie. Kwa nini hukufagia?

Wembe: Nilisahau burashi.

Mama Birika: Ile inayokuchungulia mfukoni?

Wembe aliifunika kwa kiganja. Nywele za burashi zikatokeza kati ya vidole.

Spana: Mimi nilikuwepo tangu mpira wa kwanza. Nusu ya mwanzo alifagia kila mara, tena kwa madaha! Anazunguka mbele ya kibao, anainama, uso kwa watazamaji, mgongo kwa wachezaji.

Wembe: Ndivyo tulivyofundishwa. Watu wameacha shughuli zao wakaja kutazama. Huwezi kuwageuzia... huwezi kuwapa mgongo. Mwamuzi anawapa mgongo wachezaji. Hao wamezoea.

Spana: Safi. Halafu jua likageuka, na ufagio ukafa. Jua na burashi vina undugu gani?

Moyoni Wembe alikuwa akiliona lile jua. Kwanza mama mkwe alikaa nyuma ya wavu na watazamaji wengine, kwenye kigoda chake cha kukunja, naye Wembe akafagia kwa raha, akimwinamia kama anayemwamkia. Kisha jua likampiga usoni yule mama. Akakunja kigoda, akakizunguka kiwanja chote pole pole, akaenda kukaa kivulini pa tangi la maji, mwisho kabisa wa uwanja, nyuma ya wachezaji. Peke yake. Kuanzia hapo Wembe akawa mtu wa kuhesabu pande. Akiinama akiwatazama watu, mgongo unamwelekea mama mkwe. Akigeuka amstahi mama mkwe, unawaelekea mwenyekiti, mke wa mwenyekiti na mji mzima. Akaamua kusimama wima. Vumbi likafanya kazi yake.

Mama Birika alikuwa ametulia, birika hewani, kama mtu anayetafuta funguo kichwani mwake.

Mama Birika: Ngoja. Ngoja kwanza. Mama wa mkeo si alihama akaenda kukaa tangini?

Wembe: Kahawa yako leo ni kali.

Mama Birika: Kahawa ni ya jana! Jamani, huyu aliogopa kumwinamia mkwewe kinyumenyume!

Benchi lilitikisika kwa kicheko mpaka tofali moja likalia. Spana alijipiga paja.

Spana: Wahenga walisema, mficha uchi hazai!

Karani: Methali hiyo imeingiaje hapa?

Spana: Imeingia kwa mlango wa nyuma.

Wembe: Chekeni. Mtu akishaoa ndipo anajua. Mke wangu anataka niende nikamweleze. Nimwambieje? "Mama, nilishindwa kukuonyesha"... nini? Neno lenyewe nilitamke mbele ya mama mkwe?

Hapo kicheko kikapungua, kwa maana kila mtu alijaribu kulitamka lile neno kimoyomoyo mbele ya mkwe wake, na hakuna aliyefika mwisho. Basi wakamhurumia, na huruma ya kijiwe ni ushauri.

Spana: Ungefagia kwa ubavu. Kama kaa.

Karani: Ubavuni kushoto kuna wauguzi wa akiba, kulia wamekaa washona magunia. Uwanja una pande nne na mtu ana mgongo mmoja. Hesabu inakataa.

Spana: Basi afunge kioo cha baiskeli kwenye kofia. Arudi nyuma akichuchumaa, huku anaangalia kioo, anafagia bila kuinama.

Mama Birika: Au ashonewe hema. Washona magunia wapo! Akitaka kufagia, anaingia hemani, zipu chini, anafagia, zipu juu.

Karani: Na akiwa hemani mkimbiaji akaja kwa tumbo?

Mama Birika: Watajuana humohumo.

Spana: Hapana, dawa ni moja. Kibao kitundikwe juu ya mti. Mkimbiaji akifika, anaruka, anakigonga kwa kichwa. Vumbi halipandi huko.

Karani: Sasa huo ni mpira wa kikapu.

Spana: Haraka haraka haina baraka, Karani, acha nimalize...

Hakumaliza. Kivuli cha mwavuli kilikuwa kimewaangukia miguuni. Mama mkwe alisimama mbele ya benchi, kigoda chake kikiwa kimekunjwa kwapani, njiani kwenda uwanjani. Kijiwe kizima kilimwamkia kwa pamoja, kama darasa. Wembe aliinuka nusu, magoti yakabaki njia panda.

Mama mkwe: Marahaba. Sikuja kugomba, baba. Nimekuja na swali moja. Mwanangu alikigusa kibao, au hakukigusa?

Spana alitazama Karani. Karani alitazama Mama Birika. Mama Birika alitazama ndani ya birika, na humo nako hapakuwa na jibu. Ubishi wa mchana kutwa, na hakuna aliyekuwa amejiuliza hilo.

Wembe: Mama, sikuona. Kibao kilikuwa chini ya vumbi.

Mama mkwe: Na hilo vumbi lilikuwa linamngoja nani?

Mwili wa Wembe ulishika adabu uliyoijua: mgeni hasimamishwi. Alijibanza pembeni ampishe mama mkwe mahali pake, akaona ubao umejaa nywele na unga wa matofali, na mkono, bila kumuuliza, ukachomoa burashi. Akageuka. Akainama. Akafagia kwa mapigo mafupi, shwa, shwa, shwa, kama afanyavyo kwenye kibao. Ni alipofika katikati ya ubao ndipo alipogundua ameelekea wapi na ameacha nini nyuma. Akaganda hapohapo. Kikombe cha Spana kiliganda mdomoni. Mama Birika alifumba macho, akaacha moja.

Mama mkwe: Maliza. Hapo pembeni umeacha.

Wembe akamaliza. Mama mkwe akaketi, akaweka kigoda magotini, akauzungusha mwavuli mara moja.

Mama mkwe: Kumbe kufagia unajua. Jana ulikuwa unamwogopa nani?

Wembe alifungua mdomo. Mama Birika akamwahi.

Mama Birika: Wewe, mama! Kule tangini ulikokaa. Aliona atakukosea heshima.

Mama mkwe: Tangini? Jamani, na macho yangu haya? Kutoka tangini hata mpira wenyewe sikuuona! Nilikuwa nashangilia wakishangilia wengine. Hata huyu alipomtoa mwanangu, nilisikia wauguzi wanapiga makofi, na mimi nikapiga. Nimekuja kuambiwa nyumbani.

Benchi lilitaka kucheka, likaomba ruhusa kwa macho, likapewa. Wembe alicheka wa mwisho na akawa wa mwisho kunyamaza.

Wembe: Nakwenda kwa mwenyekiti, mama. Nitamwambia sikuona. Binti arudi besi ya tatu alikotokea, tuanzie hapo.

Mama mkwe: Arudi. Kama ana mbio, atafika tena. Na mimi leo nakaa palepale tangini.

Wembe: Mama...

Mama mkwe: Palepale. Na ufagie.

Alinyoosha mkono, akaichukua burashi, akaipitisha kwenye kiganja chake kama anayechagua kitambaa dukani.

Mama mkwe: Laini kweli. Hii ni ya kibao tu, au ina kazi nyingine?

Spana akaona kiatu chake kimefunguka kamba. Mama Birika akainamisha birika juu ya kikombe, likatoa tone moja jeusi na kuishia hapo. Na Karani, pole pole, akapandisha mkono, akajipapasa shingo.