Kambi Iliyomngoja Hodaya

Mwalimu Geula Tsabari amewafundisha watoto wagonjwa wa wodi yetu hapa Yerusalemu kwa miaka thelathini na minne, na amestaafu tarehe thelathini Juni. Ndivyo ofisi inavyosema. Lakini nyinyi mnaosoma mnajua tumeshaingia Julai, na keki ndiyo kwanza inakatwa. Sababu ya kuchelewa ni binti yangu, na ndiyo maana mimi, Mazal Ohayon wa chumba cha kufulia, nimepewa kuandika haya wakati wenye vyeti wapo.

Mwalimu aliajiriwa angali kijana, afundishe hesabu ili watoto wasiachwe nyuma na wenzao. Hesabu alifundisha. Lakini mtoto mwenye sindano mkononi hakuulizi saba mara nane. Anauliza, kwa nini mimi? Basi Mwalimu akaanza kutoa hadithi za wahenga wetu Wayahudi zenye wagonjwa ndani, nazo ni nyingi kuliko mtu anavyodhani. Akawasimulia kwamba zamani za zamani watu hawakuugua: mtu alipiga chafya, roho ikamtoka puani, basi. Ni babu yetu Yakobo aliyemwomba Mungu atangulize ugonjwa kabla ya kifo, apate nafasi ya kuwaaga wanawe. Wiki hiyo kila aliyepiga chafya wodini alipigiwa kelele, "Upo? Bado upo?" Hata daktari mkuu.

Akawaambia pia kwamba kila anayekuja kumjulia hali mgonjwa huondoka na sehemu moja ya sitini ya maradhi yake. Elkana, aliyevunjika nyonga, akapiga simu nyumbani: "Baba, leteni watu sitini, kesho nirudi!" Wakaja kweli, ukoo wake mzima wa akina Dahan, na sufuria zao. Mlinzi alianza kuwahesabu, akaishia kula.

Sasa Hodaya wangu. Ana miaka kumi. Baada ya Pasaka alitokwa na mabaka meupe miguuni. Kwetu washika dini msichana huvaa soksi ndefu hata jua likiwaka, kwa hiyo sikuona kitu. Aliyajua peke yake, na sababu aliijua: alikuwa amemsema vibaya rafiki yake Shulamit, na juma lilelile darasa likasoma habari za Miriamu, aliyemsema Musa ndugu yake, akageuka mweupe kwa ukoma, akatolewa nje ya kambi. Mtoto akajumlisha. Akajikuna, akanyamaza, akavuta soksi juu. Siku alipoanguka kwa homa nikamvua, vidonda vilikuwa vimeshaoza na sumu imeingia kwenye damu.

Madaktari wakamweka chumba cha peke yake, wamkinge. Yeye akaona ushahidi. "Unaona, mama? Hata mimi nimetolewa." Dawa akazitema. Mpira wa dripu akauchomoa. Daktari akaniita pembeni, akataja kuukata mguu, akasema hatuna muda. Nikabembeleza, nikatisha, nikaahidi baiskeli.

"Adhabu haitibiwi, mama," akanijibu, kama bibi kizee.

Lilikuwa juma la mwisho la Mwalimu. Mizigo yake ilishafungwa, anahamia kwa bintiye mjini Eilat. Akaja na barakoa, akaketi upande wa miguu, maana kwetu kichwani pa mgonjwa huachiwa Mungu.

"Nasikia una ukoma," akasema.

"Usinicheke, Mwalimu."

"Sicheki. Mlisoma mpaka wapi?"

"Mpaka Miriamu alipotolewa nje."

"Kengele ikalia?"

"Ikalia."

"Ndiyo hasara ya kengele. Sasa wale watu wote, na mbuzi wao, na mahema yao, walifanya nini Miriamu alipokuwa nje?"

"Wakaenda zao."

"Wakaenda wapi! Hakuna aliyeng'oa hata kigingi. Taifa zima limekaa jangwani, linamngoja mwanamke mmoja mwenye mdomo, apone. Na aliyemwombea ni nani? Musa, huyohuyo aliyesemwa."

Hodaya akatazama ukuta. "Mimi nani ananingoja?"

"Mimi. Lori langu la mizigo ni Alhamisi; nalifuta. Sing'oi kigingi mpaka utoke mlango huu kwa miguu yako. Kwa hiyo fanya haraka, mama, mimi si kijana."

"Na Shulamit?"

"Muulize mwenyewe. Yuko nyuma ya kioo tangu asubuhi, kawamalizia manesi biskuti zao."

Binti yangu akafungua mdomo. Nikamtia kidonge kabla hajabadili nia.

Hakupona mara moja. Homa ilishuka, ikarudi, ikashuka tena. Mpaka leo akijikuna namvua soksi nitazame. Hata haya nayaandika huku nainuka kila mara kumgusa paji la uso. Lakini Jumapili alitoka mlangoni kwa miguu yake yote miwili, soksi kazishika mkononi. Mwalimu alikuwa amesimama koridoni, mkoba begani.

Mwalimu wetu, asante kwa hadithi, na zaidi kwa kutufikisha mwisho wake. Nani atawasimulia watoto wajao sijui, na hilo linaninyima usingizi. Bahari ya Eilat ikupoze magoti, wajukuu wakuchoshe kwa raha, uishi miaka mingi yenye afya. Na siku utakapopiga chafya, tutakuuliza kutoka huku kama bado upo.

Hodaya ametoka. Sasa kambi inaweza kuondoka.